Toba kwanza au imani kwanza? Swali la mwanafunzi limenikwamisha darasani

#1 MwalimuWaNyikani
Bwana asifiwe wakuu.

Nafundisha somo la Misingi ya Wokovu katika chuo kidogo kinachoandaa wamisionari wa kwenda vijiji vya ndani, kule ambako kanisa bado halijafika. Mwaka huu nina wanafunzi 22, kozi ni miezi tisa. Mtaala niliourithi unaanza na toba wiki tatu, unaingia imani wiki tatu, ndipo ubatizo. Aya ninazowakaririsha mnazijua: Marko 1:15, "tubuni, na kuiamini Injili", na Matendo 20:21, Paulo akiwashuhudia Wayahudi na Wayunani wamtubie Mungu na kumwamini Bwana Yesu. Toba, halafu imani. Nimefundisha hivyo miaka sita bila wasiwasi.

Jumanne iliyopita kijana mmoja aliyekulia kwenye boma la wafugaji akanyoosha mkono. Akasema: "Mwalimu, kwetu mtu akikosa, wazee wanakaa chini ya mti, anatajwa aliyekosewa, inatajwa idadi ya ng'ombe, inalipwa, yanaisha. Nikifika kijijini nikasema tubuni, wataniuliza tumemkosea nani, lini, na anadai ng'ombe wangapi. Huyo mdai hawamjui. Si lazima kwanza waamini kwamba yupo na kwamba ana haki ya kudai? Na hiyo si ndiyo imani?"

Darasa zima likanigeukia. Nikasema tutaendelea kesho. Kesho yake nikapita juu juu nikaenda mada nyingine.

Kuna jambo jingine limenisukuma kuleta uzi huu. Mwaka jana wanafunzi walikwenda mazoezini wiki mbili, wakarudi na daftari lenye majina 63 ya waliookoka. Tukashangilia, ushuhuda ukatolewa kanisani. Baada ya miezi sita nilikwenda mwenyewe kwa pikipiki. Niliowakuta wanasali ni wanne. Mzee mmoja kati ya wale 63 aliniambia kwa heshima kabisa: "Wale vijana walituomba tufuatishe maneno. Ni wageni, tukafuatisha." Tangu siku ile sijalala vizuri.

Naombeni msaada. Kipi kitangulie? Na kinafundishwaje ili kisiwe kufuatisha maneno?

#2 KipaimaraCha98
Mwalimu, mimi nadhani mtaala wako umekata kitu kimoja vipande viwili, halafu unatafuta kipande kipi ni cha kwanza. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, yaani tamko la imani la Walutheri, ibara ya 12, linasema toba ina sehemu mbili: majuto, yaani ile hofu inayoipiga dhamiri mtu akiijua dhambi yake, na imani inayozaliwa na Injili na kuamini kwamba dhambi zimesamehewa kwa ajili ya Kristo. Imani ni sehemu ya toba yenyewe. Ukifundisha toba wiki tatu bila imani, umefundisha majuto matupu, na majuto matupu Yuda alikuwa nayo.

Na hata Luther, ile hoja yake ya kwanza kati ya 95 za mwaka 1517 inasema Kristo alitaka maisha yote ya waaminio yawe toba. Kwa hiyo wiki tatu hazitoshi hata kwa mwalimu.

#3 MadhabahuYaMoto
Bwana asifiwe. Hapa msizunguke. Yohana alianza na "tubuni". Yesu akaanza na "tubuni". Petro siku ya Pentekoste, Matendo 2:38, "Tubuni mkabatizwe kila mmoja". Waebrania 6:1 inapotaja misingi inaanza na kuzitubia kazi zisizo na uhai, inafuata imani kwa Mungu. Mpangilio uko wazi kama mchana.

Hao 63, mwalimu, usiwabebeshe theolojia. Hapo ni ufuatiliaji. Mmezaa watoto mkawaacha porini miezi sita, mnarudi mnashangaa wanne tu ndio wazima. Mimi nimefanya mikutano ya injili miaka 15. Mkutano usio na timu ya ufuatiliaji ya kukaa angalau miezi mitatu siukubali tena.

#4 MtemiWaMagu
Madhabahu, aya zako ni sahihi ila umesoma mpangilio wa maneno ukaufanya mpangilio wa mambo. Soma Matendo 11:21: "watu wengi wakaamini, wakamwelekea Bwana." Hapo imani imetangulia kugeuka. Utafanyaje?

Calvin, yule mwanamatengenezo wa Geneva, alilishughulikia hili muda mrefu uliopita. Alisema toba haifuati tu imani, inazaliwa na imani, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kujitoa kwa toba asipojua kwamba ni mali ya Mungu, na hakuna anayejua hivyo asipoionja kwanza neema yake. Huyo kijana wa boma kasema maneno yale yale bila kusoma kitabu. Mwalimu, ungempigia makofi.

Mwangalie Zakayo. Nani alianza? Yesu alijikaribisha nyumbani kwake kabla Zakayo hajafungua kinywa. Nusu ya mali kwa maskini na kurudisha mara nne vilikuja baadaye, na hakuna aliyemfuatisha maneno.

#5 MadhabahuYaMoto
Mtemi, Zakayo alipanda mkuyu kabla Yesu hajafika. Mtu mzima, tajiri, kapanda mti mbele za watu. Huko kujishusha unakuitaje?

#6 MtemiWaMagu
Nakuita hamu ya kuona. Luka mwenyewe anasema alitaka kumwona Yesu ni mtu wa namna gani. Hajasema alikwenda kutubu.

#7 KatekistaMstaafu
Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni wa upande mwingine wa barabara, Mkatoliki, ila nimefundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, miaka 31, niruhusuni niseme kidogo. Mwalimu, kilichonishtua katika simulizi yako ni "wiki mbili". Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliweka sharti kwamba mtu asibatizwe kabla ya miaka minne: miwili ya kuomba na kujaribiwa, miwili ya ukatekumeni. Watu walilalamika. Lakini nia ilikuwa hiyo hiyo unayoilalia macho wewe: kumwona mtu akiishi kabla ya kumwandika daftarini.

Na kwetu kitubio kina mambo matatu kwa anayetubu: majuto, maungamo na malipizi. Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulilieleza mwaka 1551. Wenzetu mlitupa malipizi, nafahamu sababu zenu, lakini huyo kijana wa ng'ombe ameyaokota tena. Kwake kosa bila malipo halijaisha. Msimcheke.

#8 MadhabahuYaMoto
Katekista, heshima yako. Lakini miaka minne? Mtu akifa mwaka wa tatu je?

#9 KatekistaMstaafu
Anabatizwa, mwanangu. Hatari ya kifo haina ratiba. Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi wa Uganda, aliwabatiza wenzake usiku, Mei 1886, walipojua kwamba wanakwenda kuhukumiwa, na Kizito alikuwa mmoja wao. Tarehe 3 Juni walichomwa Namugongo.

#10 MadhabahuYaMoto
Kwa hiyo iliwezekana kwa usiku mmoja.

#11 KatekistaMstaafu
Kwa vijana waliokuwa wamefundishwa kwa muda na waliokuwa tayari kufa. Hiyo ndiyo tofauti.

#12 PwaniYetu
Salaam kwenu. Mimi ni Muislamu, nimepita tu, mada imenivuta. Neno toba na neno imani mmeyachukua kwetu, na dhambi pia, yote Kiarabu. Toba maana yake ni kurejea. Lakini naona mnafundisha kama tamko la mdomo. Masharti ya toba kwetu mtoto wa madrasa anayajua: uache lile kosa, ulijutie, uazimie kutolirudia. Na kama kosa linahusu haki ya mtu, sharti la nne ni kumrudishia haki yake au akusamehe. Huwezi kula shamba la yatima ukamaliza kwa kulia msikitini.

Jambo la pili: wanafunzi wako wakija Pwani wajue neno hilo lina kazi nyingine mdomoni mwa watu. Bibi akisikia habari mbaya anasema "Toba!" Mtoto akichapwa anasema "natubu, sirudii". Hapo anatubu fimbo. Msikie sauti, mtajua anayetubu fimbo na anayetubu kosa.

#13 MwalimuWaNyikani
PwaniYetu, ahsante sana. Hilo la kutubu fimbo nimeliandika kwenye daftari la somo. Mahubiri yetu mengi ya vijijini yanaanza na moto wa jehanamu. Sasa najiuliza tumekuwa tukikusanya nini.

#14 MjukuuWaFreretown
Hamjambo. Niko Mombasa. Kuhusu wiki mbili na miaka minne, historia ya huku kwetu ina funzo. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka huo huo akamzika mke na mtoto. Mwenzake Rebmann akamfuata 1846, wakaweka kituo Rabai. Miaka ikapita, mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kilema, akiwa karibu kufa. Watu wawili wamefanya kazi miaka kadhaa, wamepata mtu mmoja, naye akafariki. Kwa hesabu ya daftari la mazoezi hao wangeitwa wameshindwa.

Baadaye kikaja Frere Town, 1875, makao ya watumwa waliokombolewa, na hapo ndipo masomo ya kuandaa makatekista na wachungaji yalipoanza. Shule hiyo ilihamia Limuru 1930, leo ni Chuo Kikuu cha St Paul's. Nalisema hili kwa sababu waliokuwa wakifundishwa pale ni watu waliotendewa dhambi kubwa kuliko waliyotenda. Umetekwa, umeuzwa, umetenganishwa na mama yako. Mtu anakuja kukwambia "tubu" kama neno la kwanza? Mimi ningeanza na imani: kwamba yupo Mungu aliyeona. Kwa waliouza ningeanza na toba. Labda jibu linategemea nani amekaa mbele yako.

#15 MtemiWaMagu
Mjukuu, namba 14 ndiyo post bora mpaka sasa. Ingawa sikubaliani na sentensi ya mwisho, maana aliyeuza naye asipoamini hatatubu, atajificha tu.

#16 MzeeWaKaragwe
Wanangu, nimesoma yote. Nina miaka 76, nimezaliwa ndani ya Uamsho, ile harakati ya toba na wokovu ya Afrika Mashariki. Ulitoka Gahini, Rwanda, kwa kina Daktari Joe Church na Blasio Kigozi, ukapita Kabale kwenye mkutano wa 1935, ukafika kwetu Bukoba mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930.

Baba yangu alifanya kazi kwenye stoo ya misheni akiwa kijana. Alipookoka alirudisha jembe. Jembe moja, bovu, lilishakwisha makali. Alitembea nalo begani siku nzima, yule mmisionari aliyekuwa akihusika alishahama, akampa aliyemkuta, naye hakuelewa hata anapewa nini. Mama alikuwa akisema kijiji kizima kilijua baba ameokoka kwa sababu ya lile jembe. Mahubiri yake hayakuwa mazuri.

Sasa ninyi mnauliza kipi kilitangulia. Nilimuuliza baba nikiwa kijana. Alisema: "Nililala na lile jembe chini ya kitanda miaka miwili, najua ni la wizi, sikusumbuka. Siku nilipouona msalaba ndipo lilipoanza kunisumbua." Mnaweza kulitumia mtakavyo.

Na wanafunzi wa Mukono pale Uganda, mwaka 1936, walifukuzwa chuo cha wachungaji kwa sababu ya kuhubiri toba kwa wenzao na kwa walimu. Kwa hiyo mwalimu, usiogope mwanafunzi wako. Wa kwako kauliza tu.

#17 MsomajiWaUsiku
Shikamoo mzee. Naomba kusahihisha kidogo: tukio la Mukono ni 1941. Waliofukuzwa Chuo cha Askofu Tucker walikuwa 26, William Nagenda akiwa mmoja wao. Mwaka 1936 ni ule aliofariki Blasio Kigozi, mwezi Januari, baada ya homa. Neno lake "Zukuka", yaani amka, ndilo likawa wito wa misheni iliyofuata Uganda.

#18 MzeeWaKaragwe
Marahaba. Umesema kweli, nilichanganya na kifo cha Blasio. Ahsante mwanangu.

#19 KipaimaraCha98
Hata sababu ya kufukuzwa ina masimulizi tofauti. Wengine wanasema ni utii: walikuwa wakiamka alfajiri sana kuomba na kuhubiriana, mkuu wa chuo akakataza, wakaendelea. Wengine wanasema ni theolojia: waliwaona baadhi ya walimu wamelegea kuhusu dhambi na damu ya Kristo. Na wapo wanaosema wale vijana walikuwa na kiburi cha kiroho, kila asiyeungama kwa mtindo wao alionekana hajaokoka.

#20 MzeeWaKaragwe
Yote matatu yalikuwemo. Nimeishi na ndugu wa Uamsho, nawapenda, lakini kiburi cha kuungama kipo. Mtu anaungama leo, anamwangalia mwenzake kama wa chini. Na bado kanisa halikupasuka Uganda. Wengi wa waliofukuzwa walibaki humo humo.

#21 MamaNeema
Nimesita kuandika lakini namba 20 imenipa nguvu.

Nilisoma chuo cha wamisionari, sitakitaja. Kila Ijumaa usiku kulikuwa na kipindi cha toba. Tunakaa duara, kila mmoja anaungama kwa sauti, na asiyeungama anaombewa kama mwenye moyo mgumu. Nilikuwa na miaka 21. Niliungama jambo ambalo nilitendewa nikiwa mtoto, nikiliita dhambi yangu, kwa sababu sikuwa na neno jingine la kuliita. Hakuna hata mmoja katika duara lile aliyesema, "dada, hiyo siyo dhambi yako." Waliniombea nisamehewe. Wiki iliyofuata jambo langu lilikuwa jikoni, bwenini, kila mahali.

Niliendelea kuamini. Lakini ilinichukua miaka tisa kumwambia mtu mwingine.

Mwalimu, ukifundisha toba, kwanza wafundishe wanafunzi wako kutofautisha aliyekosa na aliyekosewa. Mjukuu kaligusa hapo juu. Na wafundishe kunyamaza na siri. Aliye mbele ya kundi hana uhuru wa kukataa, sawasawa na yule mzee wako aliyefuatisha maneno kwa sababu ya ugeni.

#22 MadhabahuYaMoto
Dada MamaNeema, pole sana. Nimesoma mara mbili. Nimewahi kuongoza vipindi vya namna hiyo. Sikuwahi kufikiri kuna mtu kama wewe kwenye duara. Nisamehe kwa niaba ya waliokuwepo.

#23 KatekistaMstaafu
Binti yangu, pole. Ndiyo maana kwetu padri haruhusiwi kutoa siri ya maungamo hata kwa kutishiwa kifo.

#24 MamaNeema
Ahsanteni. Tuendelee na mada.

#25 FundiLugha
Nimechelewa. Swali la pembeni kwa wenye Biblia ya 1952: 2 Wakorintho 7:10 imeandikwa "toba liletalo wokovu lisilo na majuto". Matendo 11:18 vivyo hivyo, "toba liletalo uzima". Toba *li*. Leo sote tunasema toba ya kweli, toba iletayo. Nani anajua kwa nini?

#26 PwaniYetu
Labda watafsiri waliliweka pamoja na neno, jambo, kosa. Wazee wetu huku walikuwa wakiyapa maneno ya Kiarabu ngeli tofauti na za leo.

#27 MsomajiWaUsiku
Au walitaka lionekane kama tukio moja, kitu kimoja kizima. Sina uhakika, ni hisia yangu ya msomaji. Ila tukiwa kwenye maneno: Karl Roehl aliyetafsiri Biblia ya 1937 alijaribu kuyaondoa maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Makanisa mengi yakaja kuishia na ile ya 1952, Kiarabu chake kikiwa kimekaa pale pale. Kwa hiyo PwaniYetu, mkopo wenu bado unatumika.

#28 PwaniYetu
Tumewasamehe deni. Haki ya mtu imeshaachiliwa.

#29 MwalimuWaNyikani
Nimesoma mpaka hapa nikiwa nimekaa jikoni, mke wangu ananiuliza nalia nini. MamaNeema, kesho naanza na maneno yako, bila kusema yametoka wapi.

FundiLugha, hiyo aya ya 2 Wakorintho inanisaidia kwa jambo jingine. Paulo ametenga huzuni mbili: iliyo kwa jinsi ya Mungu, na ya dunia inayofanya mauti. Kwa hiyo hata majuto yana aina. Sikuwahi kulifundisha hilo, niliishia "zaeni matunda yapasayo toba".

Swali linabaki. Nikifuta zile wiki tatu tatu, naweka nini? Wapo waliokwisha kukaa kwenye vijiji vya namna hiyo?

#30 NesiWaNyika
Nipo. Nimekaa miaka saba kwenye kijiji cha wafugaji, zahanati asubuhi, mafundisho jioni. Mwaka wa kwanza nilihubiri toba kama nilivyofundishwa chuoni. Watu walikuwa wakarimu, walikubali kila kitu. Wakikubali wanakwenda kwa mganga jioni hiyo hiyo, hawaoni mgongano wowote.

Mwaka wa pili nikaacha. Nikaanza kusimulia hadithi kuanzia Mwanzo, moja kwa juma, chini ya mti, bila kumwomba mtu afanye lolote. Uumbaji, Kaini na Habili, Nuhu, Ibrahimu. Kaini na Habili ilichukua jioni nne kwa sababu wazee walibishana: damu ya ndugu inalipwa kwa ng'ombe wangapi, na kwa nini Mungu hakudai? Ilichukua mwaka na nusu mpaka nikafika msalabani. Jioni ile mzee mmoja, ambaye hakuwahi kuniuliza kitu, akasema: "Kumbe mdai ndiye aliyetoa ng'ombe." Akanyamaza. Baada ya siku tatu akampeleka jirani yake mbuzi wawili kwa ajili ya kosa la zamani ambalo mimi hata sikulijua.

Kwa hiyo mwalimu, huyo kijana wako anajua atakachokutana nacho.

#31 MtemiWaMagu
"Mdai ndiye aliyetoa ng'ombe." Mchungaji wetu ataisikia hiyo Jumapili.

#32 MadhabahuYaMoto
Nesi, Mungu akubariki, sitapinga matunda. Lakini nina mzigo. Mwaka na nusu, wangapi walikufa pale kijijini bila kufika msalabani? Wewe ni nesi, unawajua kwa majina. Yule mwizi msalabani hakusimuliwa kuanzia Mwanzo.

#33 NesiWaNyika
Nawajua kwa majina, ndiyo. Waliokuwa wakifa nilikaa nao nikawaambia habari za Yesu moja kwa moja, kwa maneno machache. Wawili waliomba wenyewe. Sikumkatalia mtu.

Na yule mwizi alikuwa Myahudi, au angalau mtu aliyekulia kati yao. Alijua Mungu ni nani: "Wewe humwogopi hata Mungu?" Alikuwa na Mwanzo yote kichwani.

#34 KipaimaraCha98
Na ona mpangilio wake: anaikiri hukumu yake kwamba ni haki, kisha "Yesu, nikumbuke". Majuto na imani kwa pumzi moja. Ibara ya 12.

#35 MtemiWaMagu
Kipaimara na ibara yako. Mwana mpotevu je? Alikumbuka kwanza nyumba ya baba, watumishi wanakula na kusaza, ndipo akasema "nitaondoka". Asingeamini kwamba kule kuna chakula asingeondoka.

#36 MadhabahuYaMoto
Alianza kwa njaa, Mtemi. Maganda ya nguruwe. Bila njaa asingekumbuka baba. Ndiyo maana tunahubiri dhambi kwanza.

#37 MamaNeema
Nina swali ambalo sijaona mtu analigusa. Mwalimu, kwa kina kijana wako, ng'ombe wanalipwa na nani? Kama ni kama kwetu, mwanamke hana ng'ombe wa kulipa. Akikosa, analipa baba au mume. Sasa mwanamke wa boma akisikia "tubu", ataona ni jambo la mume wake kumtubia? Au atasikia vizuri kuliko wanaume wote, kwa kuwa yeye amezoea kulipiwa?

#38 NesiWaNyika
MamaNeema, umenikumbusha. Wa kwanza kuomba ubatizo kwangu walikuwa wanawake watatu. Yule mzee wa mbuzi alifuata. Sikuwahi kufikiri kwa nini.

#39 KatekistaMstaafu
Au ni kwa sababu wanawake ndio waliokuwa zahanati kila asubuhi, wamekuzoea.

#40 NesiWaNyika
Inawezekana kabisa, baba.

#41 MwalimuWaNyikani
Nimerudi. Leo nimepeleka uzi huu darasani, nimesoma jembe la Mzee wa Karagwe na mbuzi wa Nesi. Nikamwomba radhi yule kijana mbele ya wenzake kwa kulikwepa swali lake. Kisha nikamuuliza hilo la MamaNeema.

Alikaa kimya muda mrefu. Akasema: "Mama yangu alilipiwa mara moja na baba. Aliacha lile kosa siku ileile, na hakuna aliyemwambia aache." Halafu akasema lakini shangazi yake alilipiwa mara tatu, hakuacha.

Darasa likagawanyika hapo hapo. Nusu wanasema mama aliamini, shangazi hakuamini. Nusu wanasema mama aliijutia, shangazi hakujuta. Kengele ya chakula ililia hakuna aliyetoka.

Muhula ujao nitajaribu kuanza na Mwanzo, nifundishe toba na imani pamoja kila hadithi inapozigusa, na mazoezi yawe miezi miwili kijiji kimoja, bila daftari la majina. Mkuu wa chuo bado hajakubali hilo la daftari, anasema wafadhili wanauliza hesabu. Nesi, naomba nikutumie ujumbe wa faragha kuhusu jinsi ulivyopanga zile hadithi.

#42 NesiWaNyika
Tuma tu. Kaini na Habili itengee muda.

#43 MtemiWaMagu
Mama aliamini.

#44 MadhabahuYaMoto
Alijuta kwanza.